Mtoto wa Nani?

Wahenga walisema, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Methali hii twaikubali sote bila ubishi, na kila aliyewahi kukesha na mtoto mwenye homa kali anaweza kuitolea ushahidi. Lakini ukiigeuza upande wa pili inaleta swali gumu. Ikiwa uchungu huo aujuaye ni mzazi, basi yule asiye mzazi anadaiwa nini? Mtoto wa mwenzetu akiwa hatarini, na uwezo wa kumwokoa uko mikononi mwetu, lakini kumwokoa kutatumaliza kabisa, nyumba, kazi na akiba ya maisha yote, je, tunalazimika? Hatusemi habari ya kumpa mzazi wake nauli ya kwenda hospitali, wala kuchanga debe la mahindi. Hayo kila mtu huyafanya, na asiyeyafanya hujulikana mtaani. Twasema habari ya kumalizika.

Swali hili tumelikuta limewekwa wazi kuliko katika vitabu vya maadili tulivyosomeshwa chuo cha ualimu, na kuliko tulivyoweza kuliweka sisi wenyewe mbele ya darasa kwa miaka mingi. Tulipolikuta ni ndani ya filamu ya Kijapani ya wezi na polisi. Tunajua baadhi ya wazee wenzetu watatikisa kichwa, maana filamu za namna hiyo zimejaa bastola na magari yanayobingirika, na mtu mzima hana haja nazo. Hii si ya namna hiyo. Ni ya zamani, ya mwaka 1963, nyeusi na nyeupe, na kwa karibu saa nzima ya mwanzo watu wamo katika sebule moja wakizungumza.

Aliyeitengeneza ni Akira Kurosawa, mzaliwa wa Tokyo wa mwaka 1910, aliyefariki mwaka 1998. Kwa Kijapani inaitwa Tengoku to Jigoku, yaani Mbinguni na Jehanamu. Nchi za Magharibi wanaiita High and Low, na kwa jina hilo ndipo inapopatikana madukani. Kisa chenyewe Kurosawa alikichukua katika kitabu cha Mmarekani Ed McBain kilichotoka mwaka 1959, akakihamishia mji wa bandari wa Yokohama. Zamani mtu wa mbali na Japani asingeiona ila kwa bahati. Siku hizi inapatikana katika diski, na mtu anaitazama nyumbani kwake akisoma maneno yaliyoandikwa chini ya picha. Yachukua saa mbili na dakika ishirini na tatu, kwa hiyo chakula cha jioni kiliwe mapema.

Kwanza tuieleze hadithi, maana asiyeijua hataweza kutufuata.

Bwana Gondo ni mmoja wa wakubwa wa kampuni ya viatu. Alianza chini kabisa, kijana wa kushona ngozi, akapanda ngazi moja baada ya nyingine, na sasa anakaa katika nyumba kubwa juu ya kilima, yenye madirisha mapana na kiyoyozi, na mji wote uko miguuni pake. Filamu inapoanza, wakubwa wenzake wamemjia nyumbani. Wanataka aungane nao wamng'oe mwenye kampuni, kisha watengeneze viatu vya rahisi, vya kupendeza macho na kuoza upesi, ili wateja warudi kununua vingine. Gondo anakishika kiatu cha mfano walichomletea, anakichana kwa mikono yake mbele yao, anawaonyesha uchafu uliomo ndani, na kuwafukuza. Huyu ni mtu anayejua kiatu ni nini. Lakini naye ana mpango wake wa siri. Ameweka rehani kila alicho nacho, na hiyo nyumba pia, akapata yeni milioni 50 za kununua hisa ambazo zitamfanya yeye kuwa mwenye kampuni. Katibu wake aondoke usiku uleule kuzipeleka Osaka. Kwa kiwango cha fedha cha wakati ule, yeni 360 kwa dola moja ya Marekani, hizo ni kama dola 139,000.

Hapo simu inalia. Sauti ya mtu asiyejulikana inasema kwamba mtoto wa Gondo ametekwa, na ili arudi salama zinatakiwa yeni milioni 30. Gondo hafikiri hata kwa nukta moja. Atalipa. Fedha si kitu.

Kisha mlango unafunguliwa na mtoto wake, Jun, anaingia mzima kabisa, akiuliza mwenzake yuko wapi. Watoto wawili walikuwa wakicheza polisi na jambazi, wakabadilishana nguo. Mtekaji amemchukua siye. Aliyemchukua ni Shinichi, mtoto wa Aoki, dereva wa nyumba hiyo, mjane mwenye mtoto huyo mmoja tu.

Mtekaji anapiga simu tena. Sasa anajua amekosea, lakini hajali. Bei ni ileile, mlipaji ni yuleyule. Anasema kwamba Gondo hana moyo wa kumwacha mtoto afe.

Hapa ndipo filamu inapotushika shingo. Mtu ni yuleyule, saa ni ileile, fedha ni zilezile, na mtoto ni mtoto, wa kimo kimoja na umri mmoja na yule mwingine. Tena dakika chache zilizopita alikuwa amevaa nguo hizohizo. Kilichobadilika ni jambo moja tu, ni mtoto wa nani. Alipokuwa Jun hapakuwa na hesabu yoyote. Alipokuwa Shinichi hesabu ilianza. Wala si hesabu ya uchoyo. Akizitoa fedha hizo, hisa hazitanunuliwa, wapinzani wake watamfukuza kazi, wenye rehani wataichukua nyumba, naye atabaki na deni la kulipa mpaka kaburini. Mke wake Reiko anamsihi alipe. Gondo anamjibu kwamba yeye amezaliwa katika mali, hajui umaskini ulivyo. Jibu hilo ni kali, lakini si la uongo. Aliyewahi kulala njaa na aliyesimuliwa njaa hawaiogopi kwa kiasi kimoja.

Aoki naye anaanguka chini mbele ya bwana wake, kichwa sakafuni, akiomba. Wapelelezi waliomo sebuleni wanageuza nyuso zao. Gondo anatazama pembeni.

Faida moja ya kutazama filamu nyumbani, ambayo watu wa majumba ya sinema hawakuwa nayo, ni kwamba unaweza kuisimamisha. Sisi tuliizoea njia hii darasani: soma hadithi mpaka njia panda, funga kitabu, uliza. Basi tuliisimamisha diski hapo, Aoki yuko sakafuni, tukawauliza waliokuwa sebuleni petu nini kifanyike. Kijana mmoja anayesomea uhasibu alisema Gondo asilipe, kwa kuwa ukimlipa mwizi leo umewaajiri wezi kumi kesho, na kazi ya kukamata ni ya polisi. Mama mmoja alimkatiza akasema, "Mwanangu, ngoja uzae kwanza." Kijana akajibu kwamba yeye Gondo alikwisha kuzaa na bado anasita, na kwa kweli hapo alimshinda mama yule. Wengine walisema kampuni ilipe, au serikali ilipe, kama watu wanavyosema siku zote wakibanwa.

Mwisho alisema mzee mmoja jirani yetu, aliyeendesha gari la wakubwa kwa miaka zaidi ya ishirini. Alisema, "Mwalimu, huyo dereva hatarudia kuomba. Leo ameomba kwa sababu amechanganyikiwa. Kesho atasema, bwana, acha." Tulimwuliza amejuaje. Akasema kwamba dereva husikia kila kitu kinachosemwa kiti cha nyuma, anajua mali ya bwana wake iko wapi na ina mashimo gani; huwezi kumwomba mtu akupe kitu ambacho unajua bei yake.

Tukaiwasha diski. Asubuhi inayofuata Aoki anaingia sebuleni, na asemalo ni hilo hasa: bwana asihangaike, Shinichi ni mtoto mwerevu, atajua namna ya kujiokoa. Tazama uso wa mtu huyo anaposema maneno hayo, maana yeye mwenyewe hayaamini, na hakuna mtu sebuleni anayeyaamini.

Twaona kwamba kiini cha swali letu kimo katika maneno hayo ya dereva. Kwa desturi tukisema "wajibu" twafikiri juu ya watu wawili, mdai na mdaiwa. Nimekukopa, unanidai. Nimekuajiri, unanidai mshahara. Hata mtoto ana madai kwa mzazi wake. Sasa nani anamdai Gondo? Aoki hana haki hiyo. Yeye ni mwajiriwa, mshahara wake amelipwa, na hakuna mkataba wa udereva duniani wenye sharti la namna hii. Tena ameyaondoa maombi yake mwenyewe. Polisi hawawezi kumlazimisha, wala hawajaribu. Mke wake anaweza kulia tu. Mwizi ndiye pekee anayedai, na madai ya mwizi si madai. Ukipekua chumba kizima humpati mtu mmoja mwenye haki ya kumwambia Gondo, "Lipa." Ikiwa wajibu ni deni, basi Gondo hana wajibu, na kijana wetu wa uhasibu ameshinda.

Hata hivyo kila mtu chumbani, pamoja na sisi tuliokuwa tukitazama, alijua kwamba asipolipa hataweza tena kujitazama kwenye kioo. Gondo mwenyewe alijua kuliko wote. Ndiyo maana hakulala. Basi kuna jambo ambalo hakuna awezaye kutudai, na bado hatuko huru kuliacha. Wanafunzi wetu wa zamani wangetuambia hapo, "Mwalimu, hiyo ni hisani, si wajibu." Lakini hisani ni kitu ambacho ukikitoa unasifiwa na usipokitoa hulaumiwi. Mtoto wa Aoki hawezi kuwekwa katika fungu hilo. Tungemlaumu Gondo. Tungemlaumu huku tukikiri kwamba hatuna haki ya kumdai, na mambo hayo mawili ni kweli kwa pamoja. Vitabu vingi vya maadili vinajaribu kufuta moja ili libaki lingine, na hapo ndipo vinapotupoteza.

Gondo analipa. Kurosawa haonyeshi dakika ya uamuzi kwa hotuba. Anatuonyesha mtu mzima ameketi sakafuni, amefungua sanduku la vyombo vyake vya zamani vya ushonaji, anapasua na kushona mikoba miwili ya fedha ili kuficha ndani yake vidonge vya dawa ya polisi, vitakavyotoa harufu vikilowana na moshi wa rangi vikichomwa. Anasema kwa uchungu kwamba sasa anaanza tena kazi aliyoanza nayo ujana. Mikono haijasahau. Sehemu hii twaipenda kuliko zote, labda kwa sababu hakuna anayemsifu.

Mtekaji ametoa maagizo. Mikoba isizidi unene wa sentimeta saba, na Gondo apande treni ya haraka iitwayo Kodama. Akiwa njiani anaitwa kwenye simu ya treni, anaambiwa amtazame mtoto kando ya daraja la mto Sakawa, kisha aitupe mikoba kupitia dirisha la chooni, ambalo hufunguka kwa sentimeta saba hizo tu. Filamu ilipigwa ndani ya treni yenyewe ikiwa mwendoni, na mtu aliyeketi kitini hujikuta ameshika mkono wa kiti. Mtoto anapatikana. Gondo anamkimbilia na kumkumbatia, na wakati huo hakuna awezaye kusema kwa kuangalia tu ni mtoto wa nani.

Yaliyofuata kwa upande wa mali ni kama alivyohesabu. Alifukuzwa kampuni. Katibu wake alikuwa amekwisha kuiuza siri yake kwa wapinzani tangu alipomwona anayumba. Magazeti yalimsifu sana, lakini mwenye rehani hapokei sifa. Fedha karibu zote zilikuja kupatikana, nazo zilichelewa.

Kama filamu ingeishia hapo, tungeiweka pamoja na hadithi nyingine njema za mtu aliyejitoa kwa ajili ya mtoto, na tusingewasumbua wasomaji. Inaendelea kwa muda zaidi ya saa moja, na katika sehemu hiyo polisi wanamtafuta mtekaji, joto kali, mashati yamelowa jasho, wakifuata simu, gari, samaki, mlio wa treni uliosikika nyuma ya sauti. Siku moja, katika picha yote hiyo nyeusi na nyeupe, moshi wa rangi ya waridi unapanda kutoka bomba la tanuri la kuchomea taka. Mkoba umechomwa. Hatutaeleza kila hatua. Mtekaji ni kijana aitwaye Takeuchi, daktari anayefanya mazoezi hospitalini. Alikuwa na wasaidizi wawili, mtu na mkewe, watumiaji wa heroini, naye amewaua kwa kuwapa heroini safi ambayo miili yao haikuweza kuihimili.

Inspekta Tokura, kiongozi wa upelelezi, ni mtu mwema. Anamheshimu Gondo, na anawahimiza watu wake wamfanyie kazi mtu aliyetoa kila kitu. Wanapomjua Takeuchi wanaweza kumkamata siku hiyohiyo. Hawamkamati. Kwa kosa la kumteka mtoto, sheria ingempa miaka kumi na mitano tu, na Tokura anaona hiyo haitoshi kwa yule aliyemwangamiza Gondo. Anataka ashikwe katika kosa la kuua, apate adhabu ya kifo. Basi wanamwandalia mtego. Wanamfanya aamini kwamba wasaidizi wake bado wako hai na wanataka dawa zaidi, kisha wanamfuata atakapokwenda kununua nyingine ya kuwamalizia.

Takeuchi anainunua. Lakini kabla ya kuitumia anataka kuijaribu. Anaingia katika kichochoro cha watumiaji wa heroini, watu waliokonda, wamejikunja ukutani, wananyoosha mikono. Anamchagua mwanamke mmoja, anampeleka chumba cha kupanga, na mwanamke yule anakufa. Wapelelezi walikuwa nyuma yake usiku kucha. Mtego unaendelea, Takeuchi anakamatwa, na kesi ya kuua imekamilika kuliko hata walivyotarajia.

Mwanamke huyo hana jina. Filamu haimpi, na polisi hawamtafutii.

Tuliitazama sehemu hii mara ya pili peke yetu, wageni walipokwisha kuondoka, kwa sababu mara ya kwanza imepita upesi na mtu anakuwa na hamu ya kuona mwizi anakamatwa. Mara ya pili tulisikia lile swali la sebuleni juu ya kilima likiulizwa upya, bila mtu yeyote kulitamka. Mtu yuko hatarini. Watu wenye uwezo wa kumwokoa wako hatua chache kutoka hapo. Kumwokoa kuna gharama: mtego utavunjika, miezi ya kazi itapotea, mkosaji atapata miaka kumi na mitano badala ya kitanzi. Gharama hiyo ni ndogo sana mbele ya ile aliyolipa Gondo. Na hakuna anayeilipa.

Mtu anaweza kuwatetea wapelelezi, nasi tusiwaonee. Waliweka mtego kwa ajili ya watu wawili waliokwisha kufa, ambao hakuna awezaye kuwadhuru tena. Hawakujua kwamba Takeuchi ataijaribu dawa kwa mtu wa tatu. Hayo tunakubali. Lakini walijua kwamba wamemwachia muuaji atembee mjini usiku, akiwa na sumu mfukoni, na wamwache aingie katika kichochoro kilichojaa watu ambao wangepokea chochote kutoka kwa yeyote. Kama kichochoro kile kingekuwa shule, na wale waliojikunja ukutani wangekuwa watoto waliovaa sare, hatudhani Tokura angengoja hata dakika moja. Jambo lililomfanya angoje hakulipanga mtu yeyote kwa ubaya. Watu wale hawakuwa wa mtu.

Shinichi alikuwa na bahati kuliko tulivyofikiri mwanzoni. Alikuwa mtoto wa dereva, si wa bwana, lakini alikuwa wa mtu. Baba yake alikuwa chumbani, na ilimbidi Gondo amtazame usoni. Alivaa nguo za Jun, alicheza na Jun, mke wa bwana alimjua kwa jina. Mwanamke wa kichochoroni naye bila shaka alizaliwa na mtu, na kuna mzazi aliyejua uchungu wake. Mzazi huyo hakuwapo chumbani. Kwa hiyo hatukubaliani na wanaosema kwamba filamu hii inathibitisha kuwa binadamu ana huruma kwa kila mtoto. Inaonyesha huruma ikifika mbali kuliko damu, mpaka kwa mtoto wa mwajiriwa, na inaonyesha pia mahali ilipokomea.

Kuhusu sheria, yafaa kuongeza neno. Filamu ilianza kuonyeshwa tarehe 1 Machi 1963. Tarehe 31 ya mwezi huohuo mtoto wa miaka minne alitekwa mjini Tokyo. Wazazi walitoa fedha walizodaiwa, na mtoto alikuwa amekwisha kuuawa. Mwaka 1964 Japani ikaongeza adhabu ya kuteka watu kwa ajili ya fedha, na sasa yaweza kufikia kifungo cha maisha. Kurosawa alitaka sheria kali, na katika filamu ni Tokura anayesema kwa niaba yake. Hatuna ugomvi na sheria hiyo. Tunaona ajabu tu kwamba mtengenezaji aliyetaka adhabu kali alikuwa mkweli kiasi cha kutuonyesha, katika filamu hiyohiyo, mtu aliyekufa wakati adhabu kali ikitafutwa. Wengine wanadhani hakuliona jambo hilo. Sisi twadhani aliliona, maana alimwelekezea mwanamke yule kamera kwa muda mrefu kuliko mtego ulivyohitaji.

Limebaki jambo moja la mwisho, na hapa tutakuwa wafupi ingawa wengi husema ndilo kubwa. Takeuchi amehukumiwa kifo. Anamkataa kasisi, anaomba kuonana na Gondo. Tena hakuna mtu duniani awezaye kumdai Gondo aende. Anakwenda. Sasa anafanya kazi katika kampuni ndogo ya viatu, ameachiwa aiendeshe apendavyo. Wanaketi wakitazamana, kati yao pana kioo na wavu, na kamera imewekwa hivi kwamba uso wa mmoja waonekana juu ya uso wa mwingine.

Takeuchi anaeleza. Chumba chake kilikuwa chini ya kilima, wakati wa baridi hakilaliki kwa baridi, wakati wa joto hakilaliki kwa joto, na kila siku alipoinua macho aliiona nyumba ile juu, kama mbinguni. Akaanza kumchukia aliyemo. Hakujua kwamba mwenye nyumba alianza akiwa kijana maskini wa kushona ngozi, hakuwahi kuuliza. Mtu ambaye alidhani yuko mbinguni alikuwa ametoka katika vyumba vya namna ileile. Gondo hamhubirii. Anamwuliza tu kwa nini anaamini kwamba lazima wao wawili wachukiane.

Swali hilo halipati jibu. Takeuchi anasema haogopi kufa, haogopi jehanamu, na wakati anasema hivyo mikono yake inatetemeka. Anaishika wavu, anapiga kelele, askari wanamkokota. Pazia la chuma linateremka mbele ya kioo. Gondo amebaki ameketi, mgongo wake kwetu, akiitazama chuma, na kioo kimerudisha kivuli chake mwenyewe. Hatuonyeshwi akiondoka.